Viti vya Nje Kwenu Ocha Vimechoka? Soma Hii Kabla Mzee wa Ruracio Aanguke

Wacha tuseme hivi. Umeshuka mat pale steji ya Naro Moru Ijumaa jioni, mlima umejifunika mawingu, baridi inakuuma masikio. Unafika kwenu, na kabla hata uwekewe chai mathe anakupasulia mbarika: ruracio ya sistako ni baada ya wiki tatu. Wageni watakaa nje, chini ya ule mti, kwa viti vilevile ambavyo vimenyeshewa tangu ukiwa primari.

Unaenda kuvicheki. Benchi ya guka imekuwa rangi ya jivu na inacheza ukiigusa. Viti viwili vya chuma vimeshika kutu. Vya plastiki viko sita, na vitatu vina ufa. Meza nayo ina mguu mmoja mfupi, ati inashikiliwa na jiwe.

Kukodisha tenti na viti inawezekana, lakini doh iko na kazi zingine. Kununua mpya ndiyo usiseme. Na kuviacha hivyo? Mzee wa upande wa chali akianguka na kiti mbele ya wakwe, hiyo risto itapigwa mpaka siku ya harusi, na pengine hata siku ya mazishi yako. Na si mchezo, mtu wa miaka 70 akivunjika nyonga mambo yanabadilika.

Habari njema ni kwamba viti vingi vinaweza kurudi fiti na wikendi mbili za kazi. Hii hapa rada yote, hatua kwa hatua.

Mbona viti huku vinachoka mbio?

Naro Moru iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, miale mikali ya jua inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa hivyo usidanganywe na baridi. Wewe unavaa jaketi, lakini jua likiwa wazi kiti chako kinachomeka kuliko kile kilichoko Mombasa.

Hiyo miale ndiyo inakula ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao, ndio maana mbao inageuka kijivu na kuwa na manyoya. Inavunja plastiki pia, ndio unaona kiti kimepauka na kinaacha unga mweupe kwa suruali.

Kisha mchana ni jua na usiku ni baridi. Mbao inapanuka na kunywea, inapanuka na kunywea, mpaka misumari inalegea yenyewe. Ongeza umande wa kila asubuhi, mvua ndefu ya Machi hadi Mei, na mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba. Hapo sasa kutu na ukungu wamepata makao.

Hatua ya kwanza: gawa viti mafungu matatu

Usikimbie hadware kabla hujajua unatibu nini. Toa kila kitu nje, osha na maji ya sabuni na brashi ngumu, halafu acha kikauke siku mbili tatu za jua. Kama kuna ukungu mweusi au wa kijani, changanya kikombe kimoja cha Jik na vikombe 10 vya maji, paka, ngoja dakika 15, suuza. Usichanganye Jik na dawa ingine yoyote ya kusafisha choo au sinki. Hiyo gesi inayotoka inaweza kukulaza hosi.

Vikikauka, pima hivi:

- Mbao: chukua bisibisi au msumari, udunge kwa nguvu ya mkono, hasa chini ya miguu na kwenye maungio. Ukigonga ngumu, mbao iko sawa. Ikiingia kama kwa keki, hiyo imeoza, na kipande hicho lazima kitolewe. Kupaka rangi juu ya mbao iliyooza ni kuficha tu.
- Chuma: gonga pole pole na nyundo. Kama inalia ngi ngi, kutu ni ya juu tu. Ikitoboka au ikiingia ndani, inataka fundi wa kuchomelea.
- Plastiki: sugua na kidole. Kama inaacha unga na ukikunja kidogo inalia ka-ka-ka, hiyo imededi. Hakuna gundi wala waya ya kuifufua. Kama bado inakunjika bila kulia, ufa unaweza kushonwa.

Fungu la kwanza ni vya kurekebisha mwenyewe. La pili ni vya kupelekea fundi wa jua kali. La tatu ni vya kustaafu. Kuwa mkweli na hilo fungu la tatu, hata kama kiti ni cha shosho.

Shopping yako ya hadware

Usinunue duka lote. Kwa benchi moja, viti viwili vya chuma na vitatu vya plastiki, unahitaji:

- Msasa namba 80 na namba 120, vipande vichache vya kila mmoja
- Brashi ya waya ya kutoa kutu
- Gundi ya mbao. Uliza ile ya kuhimili maji, kwa sababu ile nyeupe ya kawaida inayeyuka mvua ikija
- Skrubu za inchi moja na nusu na za inchi mbili, zilizopakwa zinki ili zisishike kutu
- Vanishi ya nje, si ya ndani. Soma mkebe
- Rangi ya red oxide ya chuma na gloss ya rangi unayotaka
- Tapentaini na thina kidogo
- Waya mwembamba wa kufungia wa mabati
- Blada, ile mipira ya tyubu ya baiskeli unayoona kwa keria ya bodaboda

Uliza bei duka mbili tatu kabla ulipe. Kama Naro Moru hupati kitu, Nanyuki iko tu hapo juu kwa barabara hiyo hiyo, na Karatina iko upande wa chini.

Benchi ya guka: kazi ya mbao

Kwanza jua ni mti gani. Kama ni mutarakwa, yaani mwerezi wa huku, una bahati. Ndani ni mwekundu na ukiukwangua unanukia. Mchwa hawaupendi na hauozi upesi, ndio maana wazee walitengeneza nguzo za ua nao. Hiyo rangi ya jivu ni ngozi ya juu tu, chini yake mbao bado iko hai. Kama ni saipresi, iko sawa lakini inataka ulinzi zaidi. Kama ni mukima, ile grevilia ya shambani, usiiache kwa mvua bila kupaka kitu.

1. *Rudisha maungio.* Benchi inayocheza shida yake kubwa ni maungio. Usipigilie msumari mwingine juu ya ule wa zamani, utapasua mbao tu. Toa maungio kabisa, kwangua gundi ya kale mpaka uone mbao safi, paka gundi mpya pande zote, rudisha, halafu funga na blada ukiivuta kwa nguvu, uzungushe mara kadhaa. Hiyo blada inafanya kazi ya vifaa vya bei ambavyo mafundi wa mjini wanavyo. Pangusa gundi iliyotoka na kitambaa chenye maji. Acha masaa 24. Usikalie ati kujaribu.

2. *Badilisha misumari na skrubu.* Msumari unashikilia kwa msuguano tu, na mbao ikinywea unateleza. Skrubu inauma. Toboa tundu dogo kwanza, jembamba kuliko skrubu, hasa ukiwa karibu na mwisho wa mbao. Ukiruka hiyo hatua mbao itapasuka na utaanza upya.

3. *Weka mbao mpya mahali palipooza.* Pima mara mbili, kata mara moja. Ukienda yadi ya mbao, shika mbao na uweke kwa shavu. Ikiwa baridi na nzito, bado ina maji, na ukiitumia itajikunja baada ya wiki mbili. Tafuta iliyokauka. Kwa kalio, acha nafasi ya karibu milimita tano kati ya mbao na mbao ili maji yapite chini badala ya kukaa.

Kitu kingine kuhusu mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuuondoa huo mkwamo. Kati hapo ukienda yadi ungeskia bei na kushika kichwa. Hata hivyo usipate wazo la kuingia msitu wa Mlima Kenya usiku kutafuta mutarakwa. Hiyo ni kesi, na askari wa msitu hawana mchezo. Nunua yadi, au omba jirani aliye na nguzo kuukuu ya ua. Nguzo ya mutarakwa ya miaka 30 ukiirandia kidogo inatoa mbao safi sana.

4. *Piga msasa.* Anza na 80 mpaka ule ujivu uishe, maliza na 120. Fuata mistari ya mbao, usikate kona. Funga kitambaa kwa mdomo na pua. Kama benchi ilipakwa rangi miaka mingi iliyopita, chunga zaidi, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile madini inayoharibu ubongo wa watoto. Hapo lowesha msasa na maji, fanyia kazi mbali na jikoni, na uweke watoto na kuku mbali.

5. *Paka vanishi.* Mkono wa kwanza ongeza tapentaini kidogo, kama kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya vanishi, ili iingie ndani. Kisha mikono miwili bila kuongeza kitu, ukipiga msasa mwepesi kati ya mkono na mkono. Nyembamba mara tatu inashinda nene mara moja. Saa za kupaka huku ni kuanzia umande ukikauka asubuhi mpaka kama saa tisa mchana. Ukipaka jioni, baridi na umande vitaigeuza nyeupe kama maziwa.

6. *Usisahau nyayo.* Geuza benchi miguu juu. Pale chini mbao imekatwa wazi na inanyonya maji kama mrija. Paka vanishi hapo mara tatu au nne. Ukiirudisha, iweke juu ya mawe bapa, si kwa udongo. Hii hatua moja ndiyo wengi wanaruka, na ndiyo inaua benchi nyingi.

Kuna wasee wanapendelea mafuta ya linsidi badala ya vanishi. Iko poa, mbao inapendeza. Lakini sikiza: kitambaa chenye hayo mafuta ukikikunja na kukitupa kwa kona kinaweza kushika moto chenyewe, bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke au kiloweshe maji kabla ukitupe. Na oil chafu ya gari? Hapana. Hiyo haikauki vizuri, itachafua suti za wakwe, na si kitu cha kukaa kwa ngozi ya mtu.

Viti vya chuma: vita na kutu

Kutu ukipaka rangi juu yake inaendelea kula kimya kimya. Kwa hivyo kazi yote iko kwa maandalizi.

Sugua na brashi ya waya mpaka ile magamba yaishe, kisha msasa 80 mpaka uone chuma inang'aa. Vaa miwani, hata kama ni ile ya jua. Pangusa na kitambaa chenye thina kutoa vumbi na mafuta. Halafu paka red oxide siku hiyo hiyo, usilale. Chuma tupu ikikutana na umande wa Naro Moru, asubuhi utakuta kutu mpya. Red oxide ikikauka vizuri, paka gloss mikono miwili.

Kama kiti kimetengenezwa na bomba, angalia mwisho wa miguu. Kama kile kifuniko cha mpira kimepotea, maji yanaingia ndani na kiti kinaoza kutoka tumboni. Toa maji, toboa tundu dogo upande wa chini ili yasikae tena, na weka mpira mpya. Ukikosa, kata kipande cha tairi kuukuu.

Palipokatika au kutoboka, peleka kwa fundi wa kuchomelea. Kabla uende, sugua rangi yote mahali panapochomelewa, kama nchi mbili kila upande. Fundi atafanya kazi safi na wewe hutavuta moshi wa rangi. Na wakati anachoma, usiangalie ule mwanga ati unacheki kama anafanya vizuri. Usiku macho yatahisi kama yana mchanga.

Viti vya plastiki: kushona kama daktari

Supa gluu haishiki hii plastiki. Utaimwaga, itakauka, utakaa, itaachia. Njia ambayo imethibitishwa na mashosho wa kila kijiji ni kushona na waya.

1. Toboa tundu dogo pale ufa unapoishia. Hilo tundu linazuia ufa kuendelea kukimbia.
2. Pasha msumari moto kwa jiko, ushike na koleo, toboa mashimo pande zote mbili za ufa, kila baada ya sentimita moja na nusu hivi. Fanyia nje, moshi wake si mzuri.
3. Pitisha waya, vuta pande zikutane, kisha uukunje upande wa chini wa kiti.
4. Kata ncha na uzilaze vizuri, ama uzifunike na kipande cha blada. La sivyo utachanika suruali ya mgeni na hiyo ni aibu ingine.

Hii inafaa kwa mgongo wa kiti na kwa kalio. Mguu ukiwa na ufa, acha. Mguu ndio unabeba uzito wote, na mshono hapo utashikilia mpaka siku ile hutaki uachie. Kiti hicho kipeleke kwa wanaonunua plastiki kwa kilo, ama kata miguu yote na ufanye kitalu cha sukuma. Usikichome.

Meza yenye mguu mfupi

Usikate ile mirefu. Kila mtu ameshaona meza iliyokatwakatwa mpaka ikawa stuli. Weka meza mahali sawa, pima lile pengo, kata kipande cha mbao ngumu cha unene huo, kibandike na gundi na skrubu moja katikati. Paka vanishi. Jiwe lirudi shambani.

Mtihani wa gunia

Hapa ndio kila kitu kinaamuliwa. Kabla mgeni yeyote akalie kitu ulichorekebisha, kiwekee mzigo. Gunia la mahindi la kilo 90 liko hapo kwa stoo, sivyo? Ama mifuko miwili ya simiti ya kilo 50. Mtafutane wawili mbebe, mlaze juu ya kiti, mwache usiku mzima. Asubuhi angalia maungio, angalia mshono, angalia miguu kama imepanuka.

Kikipita, kaa wewe mwenyewe. Inuka, kaa tena, egemea nyuma, jitingishe vile wazee hufanya wakicheka. Kikilia, rudi kazini. Kikinyamaza, hicho ni kiti. Kwa kile una shaka nacho, usimpe mzee wala mama mwenye mimba. Kiweke jikoni kibebe sufuria.

Usichome kila kabaki

Vipande vilivyobaki vitakuita jikoni, hasa na baridi hii. Vile visivyo na rangi, sawa. Lakini vilivyopakwa rangi ya zamani, na zile nguzo za kijani kijani zilizotiwa dawa, kama za stima, usiviweke kwa jiko kamwe. Hiyo dawa mara nyingi ina aseniki, na moshi na jivu lake ni sumu. Usitumie hizo nguzo kutengeneza meza ya chakula pia.

Ratiba ya wiki tatu

Wikendi ya kwanza: osha, gawa mafungu, nunua vitu, peleka vya kuchomelea. Katikati ya wiki viti vikauke, mwambie bratha mdogo aviingize mvua ikinusa. Wikendi ya pili: gundi Jumamosi, chuma na plastiki wakati gundi inashika, msasa na mkono wa kwanza wa vanishi Jumapili. Wiki inayofuata kila siku mkono mmoja. Wikendi ya tatu ni ya gunia tu, na siku chache za harufu ya rangi kuisha kabla wageni.

Kama huna ruracio inayokukimbiza, fanya hii kazi Januari au Februari, wakati ni kukavu na mvua ndefu haijafika. Na baada ya hapo, kila mwaka piga msasa mwepesi na mkono mmoja wa vanishi. Ni asubuhi moja tu ya kazi.

Na kama uko na njaa ya hustle

Angalia barabara ya kutoka Naro Moru kuelekea lango la mlima. Kuna loji, kuna nyumba za wageni, na zote zina viti vya nje vinavyochomwa na jua hilo hilo. Piga picha benchi yenu kabla na baada. Ukienda kuomba kazi, anza na kiti kimoja, wakione na wakikalie. Andika bei ya vifaa kando na ya mkono wako, na uitishe ya vifaa kwanza. Usiahidi kurekebisha kilichooza ndio upate kazi. Jina lako litaanguka na hicho kiti.

Ile siku ikifika, mpe guka benchi yake, pale pale alipozoea, mlima ukiwa mbele yake. Pengine hatasema kitu. Ataishika tu na kiganja, aisukume kidogo kuona kama inacheza, halafu akae.